Aliyeiba Nyumbani Akashangiliwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kuazima. Ilikuwa mwaka 1966, katika chumba cha kusomea magazeti Mji Mkongwe, na mimi nilikuwa mwandishi wa ubao. Nyinyi vijana hamkuiona kazi hiyo. Kila asubuhi tulivuta uzi uliopakwa chokaa ili mistari inyooke, tukalowesha chaki majini ili herufi zikikauka zing'are, kisha tukawaandikia wapita njia habari za dunia. Nilikuwa na elimu ya msingi tu, haya nyingi na mkono mzito. Neno "Jumatatu" lilinichukua robo saa.

Bwana Msimamizi, mtu wa koti na tai hata kwenye joto, aliniambia: "Majaribio miezi mitatu. Akija mtu mmoja kulalamika, unarudi kwenu Kikwajuni."

Miezi miwili na nusu hakuja mtu. Chini ya ubao niliandika "Siku kama ya leo", nikitafsiri kwa kamusi kutoka kalenda ya besiboli, mchezo wa mpira wa gongo, iliyoachwa na Wamarekani waliokuwa na kituo kisiwani. Asubuhi moja nikaandika: "Siku kama ya leo, mchezaji wa Amerika aliiba nyumbani mbele ya umati, akashangiliwa."

Haijafika saa tatu, Mzee Haji muuza kahawa akaniita.

"Naam."

"Kaiba kwao au kwa watu?"

Nikatazama kalenda. "Kwa watu, nadhani."

"Na polisi?"

"Haikuandikwa."

"Mwizi anapigiwa makofi, na wewe unamwandika watoto wasome. Nnakwenda kwa mkubwa wako."

Akaenda. Bwana Msimamizi akatupeleka wote uani. "Eleza. Kaiba nini?"

Nikakumbuka mchoro wa uwanja kwenye kalenda. Nikavua viatu, nikaviweka pembe mbili za ua. Ya tatu nikaweka ndoo yangu ya chaki, ya nne dasta. Nikasema dasta ndiyo nyumbani, na mrusha mpira akizubaa, wewe unakimbilia huko; wenyewe wanaita kuiba.

"Sijafahamu," akasema Bwana Msimamizi.

Nikamwomba asimame penye ndoo. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikashika limau kuwa ndiyo mpira, nikajifanya nimezubaa. Bwana Msimamizi, na koti na tai yake, akatimka, akaipiga ndoo teke, akateleza kwenye maji na kufika kwenye dasta kwa makalio.

Bi Mwanajuma, mfagiaji wetu, alikuwa ameegemea ufagio. "Mbona kama nage tuliyocheza utotoni, ya kukimbia usipigwe mpira. Bwana Mkubwa hajaiba hapo. Kawahi."

Mzee Haji akafikiri. "Kweli kawahi. Limau lingali mkononi."

Bwana Msimamizi akajipangusa. "Futa 'aliiba', andika 'aliwahi'. Na hili la makalio lisiandikwe."

Nikabaki kazini. Tangu hapo neno gumu nililipeleka kwa Bi Mwanajuma kabla ya kamusi. Baadaye nilihamishiwa ubao wa Matemwe, shamba, kwa Bwana Katibu wa huko aliyetaka herufi kubwa kwa kuwa miwani yake ilikuwa na kioo kimoja, kisha nikarudishwa mjini mpaka kustaafu.

Siku ya mwisho niliandika: "Siku kama ya leo, mwandishi wa ubao kawahi nyumbani." Niliporudi kutoka kusali adhuhuri, mtu kafuta "kawahi", kaandika "kaiba", tena herufi zimepinda. Nikavuta uzi, nikaziandika upya zikanyooka. Neno lenyewe nikaliacha.