Manju wa Kakese Kwenye Ngoma ya Kabungu

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, mimi sikuapa.

Manju wetu, kiongozi wa ngoma hapa Kakese, alitangaza: "Atakayekwenda kumsikiliza yule mwimbaji wa Kabungu, asikanyage tena ngomani kwangu!"

Jumapili nikaenda. Mwanamke anaimba yule, jamani! Mchimbaji mmoja wa mgodini akanipa kata yake ya pombe: "Bibi, nishikie, nilie vizuri." Nyuma yetu mtu kajitanda kaniki mpaka puani, anaitikia kuliko wote.

Ghafla mwimbaji akainua mkono. Ngoma zikanyamaza, waitikiaji wakanyamaza. Sauti moja ikaendelea, nzito, tamu. Tukageuka wote, Kabungu na Kakese. Kaniki imemdondoka, manju wetu kafumba macho, bado anaitikia.