Rupia Iliyorudi Bila Namba

Mimi ni fundi saa. Baba yangu alikuwa fundi saa kabla yangu, hapa hapa mjini Musoma, kwenye kibanda hiki hiki karibu na soko. Mtu akiingia mara ya kwanza huangaza macho huku na huku, kisha huuliza, "Fundi yuko wapi?" Namjibu, "Unaongea naye." Naweka lenzi jichoni, nafungua saa yake, na baada ya dakika mbili haulizi tena.

Sarafu za zamani zilinifuata zenyewe. Huku kwetu watu wana hamu kubwa na rupia za Mjerumani. Wapo wanaoamini kabisa kwamba rupia moja inajenga nyumba Bweri na chenji inabaki. Wakiipata hawajui wamuulize nani, na kwa kuwa mimi nina lenzi na mizani ndogo, wananiletea. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha. Baadaye nikaona aibu kubahatisha, nikaanza kujifunza. Kila sarafu iliyopita mkononi mwangu niliipima uzito, nikaitazama ukingo, nikaandika kwenye daftari. Siku moja mtu wa Buhemba aliniletea rupia kumi na moja ndani ya soksi. Nilimwambia zote ni za kumiminwa kwenye kalibu moja, tena juzi juzi tu. Alinikasirikia sana. Nikampa lenzi ajionee mwenyewe: rupia zote kumi na moja zilikuwa na mkwaruzo uleule chini ya kidevu cha yule mfalme wa Kijerumani aliyechorwa. Aliondoka bila kuaga, lakini mwezi uliofuata alimleta shemeji yake.

Mama mmoja wa Butiama alikuja na rupia moja tu, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Bunda kwa yule bwana anayenunua vitu vya zamani. Ameniambia hawezi kusema lolote. Eti mpaka iende nje, wataalamu waipime, waipe namba ya ubora, halafu waifunge kwenye boksi la plastiki lisilofunguka."

"Wewe unataka kuiuza?"

"Hapana. Nataka kujua."

Niliitazama muda mrefu. Ilikuwa fedha halisi. Mfalme na kofia yake yenye tai alikuwa amefifia kwenye mashavu, na kwa namna ilivyong'aa niliona imesuguliwa mara nyingi, pengine kwa majivu. Nilipoizungusha nikaona kitu juu ukingoni, kidogo kuliko punje ya ulezi: alama ya risasi, ile inayoyeyushwa kuunganisha vyuma. Fundi saa anaijua alama hiyo hata akiwa na usingizi.

"Mama, hii ilikuwa na kishikio cha kupitishia mnyororo. Kilitolewa zamani. Nadhani kuna mtu aliivaa shingoni."

Akasema taratibu, "Mama yangu alikuwaga anaivaa. Nilikuwa mdogo sana. Kaka yangu mkubwa anasema naota, anasema mama hakuwahi kuvaa pambo lolote. Miaka yote ananiambia naota."

Nilimshauri asiipeleke nje. Nilimweleza nilivyoelewa: sarafu iliyosuguliwa na kuunganishwa kishikio hawaipi namba, wanaandika tu kwamba ni halisi na kutaja kasoro zake. Gharama ya kuipeleka ingezidi bei yake, na njiani inaweza kupotea. Nilimwambia nilichokiona kinatosha. Akanishukuru, akafunga pindo lake, akaenda.

Mambo yangeishia hapo kama nisingekwenda Bunda wiki ile kupeleka saa ya ukutani ya shule. Nilipita kwa yule mnunuzi, nikamweleza kuhusu alama ya ukingoni. Hakuinua hata kichwa.

"Dada, wewe tengeneza saa," alisema. "Sarafu waachie wenye mashine."

Nilirudi Musoma nikiwa nimeuma meno njia nzima. Lazima niseme ukweli: bintiye yule mama aliponipigia simu kutoka Afrika Kusini anakofanya kazi, akaniuliza kama inafaa aichukue akija Krismasi akaikabidhi kwa wapimaji huko, nilisema ndiyo. Ushauri niliompa mama yake nilikuwa bado nauamini. Ila nilitaka kujua kama jicho langu ni jicho au ni majivuno. Nilimwambia binti kwamba namba haitapatikana. Akasema gharama ni yake, mama yake anataka.

Kabla hajaichukua niliandika karatasi, nikampa yule mama aitunze: halisi, fedha, uzito wake, imesuguliwa, palikuwa na kishikio juu, pale inapokaa namba kumi na mbili ya saa. Niliandika hivyo, kwa lugha ya saa, kwa sababu ndiyo lugha ninayoijua.

Miezi ikapita. Kila nilipofungua saa ya mtu niliikumbuka rupia ile, na mara nyingine nilijuta. Kama ingepotea, mdomo wangu ndio ungekuwa umeipoteza.

Ilirudi kwa mkono, imebebwa na mtu anayefahamiana na binti. Yule mama aliipokea hapa mjini, akaja nayo kwangu kabla hata hajarudi nyumbani Butiama. Ilikuwa ndani ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na juu yake kikaratasi cha Kiingereza. Binti alikuwa kwenye simu, amekata tamaa. "Hawajaipa namba, dada. Ulisema kweli."

"Wameandika nini?" mama akauliza.

Nikamsomea kwa Kiswahili: "Halisi. Imesafishwa. Kishikio kimeondolewa."

"Soma tena."

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshafungua karatasi yangu na kuilaza kando ya boksi kwenye meza. Hakuweza kusoma Kiingereza, lakini alipitisha kidole kwenye maneno yangu, kisha kwenye yale mengine, moja moja, kama anayehesabu watoto. "Ni yale yale," alisema. "Fundi, ni yale yale!" Akanikumbatia, na mimi na bisibisi mkononi.

Nimetengeneza saa nyingi ambazo ziliwashinda mafundi wengine, lakini sijawahi kusimama wima kibandani kwangu kama siku ile. Nilitamani baba awe hai, akae kwenye kile kiti chake cha pembeni, nisimwambie kitu, aone tu. Picha ya kikaratasi kile niliituma Bunda. Yule bwana alijibu baada ya siku mbili, neno moja tu: "Sawa." Siku hizi ananitumia wateja.

Nilidhani mama ataiweka kabatini na plastiki yake. Baada ya wiki chache akarudi.

"Nifungulie."

"Mama, ukiifungua, ule uthibitisho wao unakwisha."

"Uthibitisho nimeshamsomea kaka yangu. Amesikia. Sasa nataka rupia."

Nilisita, na nilipojiuliza kwa nini, nikaona haya. Mimi ndiye niliyetaka lile boksi libaki zima, kwa sababu lilinisifu. Nikachukua msumeno mdogo, nikakata ukingo wa plastiki polepole nisiiguse fedha. Ilipodondoka kwenye kiganja chake aliibana, akafumba macho.

Kisha akaniomba nirudishe kishikio. Mkusanya sarafu yeyote angelia. Mimi niliomba kipande cha fedha kwa sonara jirani, nikakikunja, nikakiunganisha pale pale palipokuwa na alama. Nilifanya kazi ile asubuhi nzima, na saa za watu zikasubiri. Alipitisha mnyororo, akaivaa, akajitazama kwenye kioo changu kidogo.

"Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, mama."

"Jumapili nakaa benchi moja na kaka yangu kanisani," alisema, akaingiza rupia ndani ya gauni, akabadili mawazo, akaitoa nje ionekane. Nikamsindikiza mpaka kwenye magari ya Butiama, nikiwa bado nimevaa lenzi yangu kwenye paji la uso, na watu wakatutazama sote wawili.