Mukono Wangu wa Bahati na Miguu ya Riziki

Bandugu, mukono wangu iko na bahati: mutoto nikimugusa tu, anasimama.

Leo dada yangu aliniachia Riziki, binti yake wa miaka mitatu ambaye bado hasimami. Nikachimba shimo kwenye mchanga wa ziwa, nikamutia mpaka kiuno, vile bamama ba hapa mujini Baraka banakazaka batoto miguu.

Akalia. Basi nikachimba langu, nikaingia, ili acheke.

Mchanga wa maji ukanibana mapaja. Nikakwama.

Bamama bauza samaki ndakala bakauliza, "Mujomba, na weye tukukande miguu na mafuta ya mawese?"

Riziki akacheka, akashika masikio yangu mawili, akajivuta, akatoka.

Akasimama.

Dada aliporudi, nikamuita: "Umeona mukono wangu?"

"Mukono gani? Nani anamukandaka miguu kila asubuhi?"

Chekeni, bandugu. Anayemukanda ni dada. Mi bahati sina. Niko na masikio tu, na yanauma.