Draiva Iliyofutwa Siku ya Mnada

Fundi wa kompyuta wa ushirika wa kakao hapigi kelele. Akiudhika hukwaruza meza kwa ukucha wa kidole gumba, na leo amekwaruza tangu asubuhi. Seva wanayoikodi ng'ambo ina draiva ya mtandao, programu ndogo ya kuiunganisha na mtandao, ambayo inazimika ovyo, na mnada wa mtandaoni unafungwa adhuhuri ilhali kakao ya kijiji cha Ngana bado haijaingizwa humo.

"Fundi, si mvua ya Tukuyu hiyo?" karani Atupele anauliza.

"Dada, seva haiijui Tukuyu."

Kwa hasira anaifuta draiva ili aweke mpya, kisha ukucha unatulia: amekata njia pekee ya kuifikia seva. Atupele anainuka kwenda kuwaeleza wakulima wanaosubiri barazani.

"Kaa," anasema fundi, akitafuta viatu vyake chini ya meza. "Wacha wanitukane mimi."