Silipi, na Ufagio Sibebi

Wiki nzima Korongo alishinda na ufagio mkononi kwenye korido za hospitali, akifuata nyayo za watu waliokanyaga pale pale alipotoka kufuta. Jumapili ilikuwa yake. Jina la Korongo alipewa na mtaa, kwa miguu yake mirefu na kwa huo ugonjwa wake wa kupenda ndege. Kila Jumapili alimbeba binti yake mgongoni, akavuka barabara, akaingia bustani ya bwawani kuangalia ndege. Basi. Hakuwinda, hakuuza. Aliangalia.

"Mtu mzima na akili zako, unatoka nyumbani kwenda kutazama ndege?" jirani yake mshona nguo alimcheka. "Wangekuwa kuku ningeelewa."

"Kuku tunaangaliana kwenye sahani," alijibu.

Mwaka huo yangeyange weupe walijenga kiota kwenye tawi lililoinamia maji. Korongo aliwaona wakibeba vijiti, akawaona makinda wakiwa uchi, midomo wazi. Sasa walishaota manyoya, wanapigapiga mabawa ukingoni. Wakati wowote wangekwenda zao, naye alikuwa ameapa kuwaona wakiruka.

Ndipo likawekwa geti, na ubao: mgeni alipe kiingilio, mfanyakazi apite bure. Mlinzi aliyewekwa hapo ni mdogo wa mume wa Korongo.

Mtaa ulichemka. "Watu walipe, bustani itakuwa safi," alisema mshona nguo.

"Safi kwa nani?" kinyozi alidakia. "Nimekulia hapa, leo niitwe mgeni?"

Ubishi haukufika mbali, maana ujanja ulishapatikana. Ukibeba ufagio wewe ni mfagiaji, unapita. Jumapili iliyofuata foleni ya getini ilikuwa fagio tupu. Kinyozi alikuja na brashi yake ya kupangusia nywele shingoni.

Korongo alikuja na mtoto tu.

"Shemeji, ufagio wako uko wapi?" mlinzi alimnong'oneza. "Shika huu wangu, pita haraka."

"Sibebi."

"Ni wa kuonyesha tu!"

"Shemeji, kitu hiki nakishika wiki nzima mpaka viganja vimekuwa magome. Leo ni siku ya macho yangu. Nikiingia na ufagio, nimekwenda kazini."

"Basi lipa."

"Silipi pia. Mgeni hapa ni nani?"

Foleni ikaanza kuguna. "Korongo, usitucheleweshe sisi! Beba ufagio, mama, twende!" Hakusogea. Alimrusha mtoto kidogo mgongoni, akakaza mbeleko, akasimama katikati ya geti.

Kelele zikamtoa msimamizi ofisini. Akatazama zile fagio, kisha akageuka kutazama njia zilizofunikwa na majani makavu.

"Nina wafagiaji wote hawa," alisema polepole, "halafu majani yale ni ya nani?"

Mshona nguo akaficha ufagio nyuma ya mgongo. Mpini ukachungulia juu ya kichwa chake.

"Mzee," Korongo akasema, "hawa si wafagiaji. Ni watu wa mtaa huu, wanataka kukaa kivulini tu. Mfagiaji kati yetu ni mimi. Na leo sifagii."

"Umetuuza!" mtu akafoka kutoka nyuma.

"Sijamuuza mtu. Mtajificha nyuma ya fagio mpaka lini?"

Msimamizi akashusha pumzi. "Mama, sheria si yangu. Mgeni analipa."

"Sheria naikubali. Wanaotoka mbali walipe, bustani itunzwe. Ila mimi si mgeni. Unaliona lile paa lenye tairi juu? Ndilo langu. Na zile nepi kwenye kamba ni za huyu mgongoni."

Msimamizi akatazama. Nepi zilikuwa zinapepea kweli. Alijikuna shingo, akajikuna tena.

"Haya. Kwa leo, anayeweza kunionyesha paa lake kutoka hapa, apite. Fagio ziacheni. Suala lenyewe nitalipeleka kwa wakubwa. Wakikataa, nisisikie kelele."

"Wakikataa utanikuta nimesimama hapa hapa," Korongo alisema.

Vidole vikanyooka. Kinyozi, aliyehamia upande wa pili wa mji siku nyingi, akaonyesha bati jekundu.

"Hilo si la mama mkwe wako?" mlinzi akauliza.

"Si ndiko ninakokula?"

Hata msimamizi alicheka.

Korongo hakungoja kicheko kiishe. Alishuka bwawani mbiombio. Kiota kilikuwa kimya, akadhani wote wamekwenda. Kisha kichwa kimoja cheupe kikainuka. Wenzake walishaondoka, wako ng'ambo wanachokoa matope. Huyu alisogea ukingoni, akafungua mabawa, akayafunga, akarudi ndani.

Korongo akaketi kwenye nyasi, akamfungua mtoto, akampakata.

"Shemeji, umewaona?" mlinzi aliita kutoka juu. Akamwashiria anyamaze.

"Usiogope," alimwambia yule kinda, kwa sauti ile anayombembelezea mwanawe. "Jaribu tena. Sisi hatutoki hapa mpaka uruke."