Udongo Aliobeba Shangazi

Nakumbuka siku moja kule Kashuga, kwenye kambi ya wakimbizi, mwanangu, na nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Kaa hapa, weka hiyo simu chini. Jana nimekusikia ukisema utawaondoa wale wakimbizi kwenye kipande chako cha kando ya mto, kwa sababu sasa pilipili zao zimestawi. Nilinyamaza kwa kuwa tulikuwa na wageni. Leo sinyamazi.

Tulikuwa tumekimbia vita kutoka Kalembe, mimi msichana, pamoja na Shangazi Riziki aliyenilea. Kambini hatukuwa na kitu. Ukipanda maharagwe, wenye bunduki wanavuna kabla yako. Pilipili hawakuigusa, maana nani atashiba pilipili? Ndiyo maana Shangazi aliitaka, tuiuze tupate kula.

Papa Zakaria, mwenyeji mmoja, akatuazima kipande kilichojaa mawe. Tuliyaokota tukayarundika pembeni. Tukazoa mavi ya ng'ombe malishoni, tukayachanganya na majani makavu, maganda ya maharagwe na jivu, tukafunika kwa majani ya migomba. Mimi, kwa haraka zangu, nilitaka tumwage shambani siku ileile.

"Samadi ingali na moto," Shangazi akaniambia. "Itaunguza mizizi."

Alichomeka kijiti ndani ya lundo, kila mara anakitoa na kukishika. Tuligeuza lundo lile mpaka migongo ikatushinda. Kijiti kilipotoka baridi, na samadi imekuwa nyeusi, inavunjikavunjika vidoleni na kunukia kama msituni, ndipo tulipoichanganya na udongo, tukahamishia miche ya pilipili.

Tulivuna msimu mmoja tu. Tulinunua sufuria na blanketi. Papa Zakaria akauona udongo ulivyokuwa mweusi, akaja na jembe begani.

"Mama, shamba njo yangu. Ninairudisha kwangu."

Hata pole hakusema! Mtu mzima, anayesali mbele kanisani!

"Shamba iko yako, Papa, nani anakatala?" Shangazi akajibu. "Lakini hii udongo nilitengeneza na mikono yangu. Nitaibeba."

Akacheka. "Muntu anabeba udongo?"

Aliubeba. Akina mama wa kambini walikuja na vikapu, tukaukwangua ule weusi wote mpaka chini kwenye wekundu, tukaupeleka nyuma ya nyumba ya mjane mmoja aliyetukaribisha. Kisha Shangazi akarudi kwenye rundo la mawe, akaanza kuyatupa shambani, moja moja, Papa Zakaria akiwa amesimama palepale na jembe lake.

"Yako njo ile mawe, Papa," akamwambia. "Hakuna hata moja inakosa."

Mwanangu, ardhi ni yako, sikatai. Lakini ule weusi ni migongo ya watu waliofukuzwa makwao, na wewe hukugeuza lundo hata mara moja. Kuwangoja wakutengenezee shamba halafu uwafukuze ni wizi, hata ukiufanya mchana mbele ya watu. Patana nao waziwazi watalima mpaka lini, na neno lako ulishike. Nawe ukiazima shamba la mtu, patana kabla ya kubeba kikapu cha kwanza cha samadi.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe na aibu ya kukuzuia. Sasa inuka, nenda ukawaambie wabaki. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi na mgongo wangu huu mbovu, nikawasaidie kubeba.