Kumkabidhi Fisi Bucha

Kona ya dirishani katika duka la intaneti imenyamaza. Wateja wengine hugonga vitufe kwa pupa. Mfasiri aliyekuwa akikaa kwenye kona hiyo alivibonyeza taratibu, kama anayechambua mchele. Mwenye duka, mdogo wa marehemu mumewe, hadi leo hushusha sauti akipita pale.

Mfasiri alikuwa akifasiri ushuhuda wa akina mama ambao watoto wao walikamatwa kwenye maandamano, kisha akiutuma kwa mawakili ng'ambo. Majina yalikuwa ya kweli. Yakivuja, wangegongewa milango. Ndiyo maana alimwomba shemeji yake amtafutie VPN, ile njia ya kuficha mawasiliano mtandaoni.

"Zipo mbili za maana, shemeji. Hii ni ya watu waungwana, wanatetea wafungwa. Ila mahakama iliwabana, wakamtaja mteja wao mmoja. Waliomba radhi, tena kwa maneno matamu."

"Na huyo mteja?"

"Hilo hawakuandika."

"Ya pili je?"

Akajikuna kisogo. "Polisi walibeba mitambo yao, wasikute hata jina. Hawaweki kumbukumbu zozote za wateja. Lakini mwenye kampuni anafadhili chama kinachofunga watu huko kwao."

"Kwa hiyo nimkabidhi fisi bucha!"

"Fisi huyu alishakabidhiwa, shemeji. Nyama ikakutwa nzima."

Mfasiri alicheka, halafu kicheko kikamkatikia. Mwenye duka alimjua: aliwahi kususia sabuni ya kiwanda kilichofukuza vibarua, akawa anafulia kipande kisichotoa povu. Kesho yake mfasiri alikwenda kwa mmoja wa wale mama, akamweleza yote bila kupamba. Alirudi uso umemshuka.

"Kasemaje?"

"Kasema, 'Mwanangu, dhamiri ni yako, mlango ni wangu. Sasa unaniuliza nini?'"

Akalipia ile ya pili. Ushuhuda wote ukafika, na hakuna mama aliyegongewa mlango. Mawakili wakaleta kazi nyingine, yenye ujira mnono, ya kufasiri mikataba yao ya siri. Masharti ya usalama yalikuwa yale yale, maana yake kuendelea kulipia VPN ile ile. Mfasiri akaikataa kazi. Mwenye duka akamsihi aipokee, akamtania, akamwita mtakatifu wa kujitawaza. Wapi!

"Mwanzo nilimlipa yule bwana mwenye kampuni kwa ajili ya wale mama," alisema, akifungasha kamusi zake. "Sasa nitakuwa namlipa kwa ajili ya tumbo langu."

Siku hizi yuko mji mwingine, anafundisha lugha katika chuo cha wauguzi.